Mutoto Niliyemurudisha Klasi ya Kwanza

Kutoka kitanda changu mpaka tablo, ubao wa klasi yangu, ilikuwa hatua mia moja na ishirini. Ninajua kwa sababu nilizihesabu, na mbele yenu, walimu vijana mulioniomba niandike haya, ninakubali kwamba hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kazi. Wenzangu niliomaliza nao sekondari ya ualimu walitafuta Kinshasa, walitafuta Kampala. Mumoja alifika mpaka Ulaya, na huko anapanga masanduku ndani ya depo. Mimi nilitafuta shule ambayo ukuta wake unagusana na ukuta wetu, pale juu ya njia ya Rutshuru, Goma inapoanza kupanda kuelekea volkano ya Nyiragongo. Kengele ikilia, ninaisikia ningali ndani ya blanketi. Bibi niliyemuoa, Mama Aline, alikuwa ananiuliza kila asubuhi: "Papa Aline, unaenda kazi ama unageukia tu upande mwingine?"

Ya kupandishwa cheo sitasema, kwa sababu hayakuwako. Niliingia mwalimu wa klasi ya kwanza, nikatoka mwalimu wa klasi ya kwanza. Ya mushahara nayo tuyaache yapumzike.

Siku ya kwanza nilifika na somo la mito ya Kongo, limeandikwa vizuri, na rangi mbili za biki. Nilijiona niko mbele ya klasi ya sita. Direkta wa wakati ule alinitazama, akaniuliza: "Unajua kufunga kamba za viatu?"

"Ndiyo, Direkta."

"Vizuri. Chukua klasi ya kwanza."

Watoto sitini na tatu. Kufika saa ine asubuhi watatu walikuwa wanalia, na mimi nilikuwa karibu kuwa wa ine. Mwanaume ndani ya klasi ya kwanza lilikuwa jambo la ajabu. Wamama wa avenyu walikuja dirishani kuangalia, kama watu wanaoangalia jamaa anayenyonyesha. Siku ile ile wakanipa jina la Mama Klasi ya Kwanza. Nimestaafu nalo. Ndicho cheo pekee nilichopata.

Aliyeniokoa ni Mama Rejina, mwalimu wa klasi ya pili, mwanamuke munene wa sauti ndogo, mwenye miaka mingi ya kazi mbele yangu. Alinikuta nimesimama nyuma ya mulango.

"Weye unaogopa nini?" akaniuliza. "Hawa hawaumake."

"Mumoja ameniuma, Mama Rejina."

"Basi umuulize kama amekula."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mutoto alikuwa hajakula tangu jana yake saa sita. Hapo ndipo nilianza masomo yangu ya kweli. Mama Rejina alinifundisha kuvunja chaki vipande vitatu, kwa sababu chaki nzima inalia juu ya tablo na inakatika yenyewe. Alinifundisha kusimama nyuma ya mutoto asiyejibu na kufungua karatasi ya bombo, pipi, taratibu sana: akigeuka, masikio yake ni mazima na tatizo ni wewe; asipogeuka, mupeleke kwa muganga wa hospitali. "Mutoto akisinzia, hapana kumupiga," alisema. "Angalia macho, angalia tumbo, uliza alilala wapi. Ukimaliza yote hiyo na angali anasinzia, basi njo somo lako ni baya." Nilifuata mashauri hayo, na mara nyingi nilifika mpaka lile la mwisho.

Halafu akanifundisha mukono.

Mujue kwamba watoto wengi walikuja bila karatasi ya kuzaliwa. Ukimuuliza muzazi mutoto ana miaka mingapi, anakujibu: "Alizaliwa wakati tulikuwa tunavuna maharagi." Maharagi ya mwaka gani, hapo ni kazi yako. Kwa hiyo mutoto anapitisha mukono wa kuume juu ya kichwa, anashuka nao upande wa kushoto. Vidole vikigusa sikio, amefika umri wa shule. Visipogusa, arudi mwaka kesho. Wazee wetu walipimwa hivyo, sisi tulipimwa hivyo. Mimi nilikipenda kipimo hiki kuliko vifaa vyote vya kazi, kwa sababu unaweza kukitumia ukiwa umekaa.

Halafu vita vikaanza kutuletea wanafunzi. Mwaka wakimbizi wa Rwanda walipovuka, muji ulijaa mpaka hapakuwa nafasi ya kuweka muguu, na ndani ya klasi yangu watu walilala mpaka chini ya tablo. Madawati yalipikia maji ya kunywa, kwa sababu kolera ilikuwa inabeba watu na kuni hazikuwako. Mama Rejina ndiye aliyevunja dawati la kwanza kwa mikono yake. Ya mwaka ule sina la kuchekesha.

Baadaye volkano ikashuka na kufunika shule. Tuliposafisha, tulijenga klasi mupya juu ya lava, mahali pale pale. Ndiyo maana ninasemaka kwamba klasi yangu ya kwanza iko chini ya klasi yangu ya mwisho. Mimi ni mutu wa kutohama kwa kweli: hata volkano ilinipandisha juu tu, haikunisogeza. Mama Rejina alistaafu karibu na wakati ule, akanirithisha fimbo yake ya kuonyesha herufi, na mimi nikabaki mukubwa wa mukono juu ya kichwa.

Tangu hapo, kila vita iliyopita Masisi ama Rutshuru ilifika kwetu ndani ya wiki mbili. Mara kambi ni Mugunga, mara ni Kanyaruchinya, kilomita chache juu ya shule yetu. Watoto walishuka kwa muguu, na karatasi zao zote, biltini za shule zenye alama na karatasi za chanjo, zilibaki ndani ya nyumba zilizoachwa wazi. Asubuhi moja ya mwanzo wa mwaka nilikuwa na mustari wa watoto na wazazi uliotoka mezani kwangu ukapita choo ukaingia barabarani. Mimi nimekaa. "Mukono! Umegusa? Klasi ya kwanza. Wa kufuata! Mukono! Haujagusa. Rudi mwaka kesho. Wa kufuata!" Wale warefu niliwatuma kwa wenzangu wa klasi za juu. Wale wafupi niliwabakiza mimi.

Katikati ya mustari akaja musichana mumoja, mufupi, shingo nyembamba kama ya kifaranga, kichwa kimenyolewa kwa sababu ya upele. Nyuma yake mama yake na mutoto mugongoni. Nikamwambia: "Mukono." Akapitisha mukono juu ya kichwa. Vidole vilipita sikio, vikashuka shavuni, vikafika kwenye kidevu. Watoto wote walicheka, na mimi nikacheka nao.

"Huyu eko na mukono wa kuibia maembe!" nikasema. "Jina?"

"Kahindo."

Mama yake akafungua mudomo. "Mwalimu, huyu..."

"Mama, ameingia, klasi ya kwanza. Wa kufuata!"

Ninyi mumesoma kuliko mimi, kwa hiyo pengine mumeshaona. Mutoto wa miaka sita anagusa sikio kwa shida. Mutoto anayefika kidevuni si wa miaka sita. Kipimo kilinieleza umri wake vizuri kabisa. Mimi nilikuwa ninasikiliza jibu moja tu, ndiyo ama hapana.

Kahindo alikaa benchi ya tatu. Hakujibu swali hata moja. Nikifungua bombo nyuma yake, anageuka, masikio mazima. Nikimupa ardwazi, kibao cha kuandikia chaki, anaandika O moja iliyolegea, ananipa bila kunitazama. Kwenye kaye, daftari yangu, niliandika: *mupole, haelewi bado*.

Mwezi wa tatu wa masomo nikaona jambo. Benchi ya tatu ilianza kusoma. Si benchi ya kwanza, penye watoto wa walimu. Ya tatu. Bahati, ambaye alikuwa anarudia mwaka, na ambaye kwa muda huo wote alikuwa anaandika jina lake kuanzia mwisho, asubuhi moja aliandika *Bahati* toka kushoto kwenda kulia na kuniuliza kama anaweza kuongeza jina la baba.

Mutu mwingine angefurahi na kuendelea. Mimi sikulala vizuri. Nilirudi nyumbani hatua zangu mia moja na ishirini, nikakaa, nikamwambia bibi yangu kwamba benchi ya tatu ina kitu.

"Kitu gani?"

"Mwangaza, labda. Iko karibu na dirisha."

Nikahamisha benchi upande wa giza. Ikaendelea kusoma. Nikafikiri ni mabati, kwamba pale mvua haipigi kelele sana na wananisikia. Nikapeleka benchi chini ya mahali penye kuvuja. Walisoma wamelowa. Nikaanza kuhamisha watoto mumoja mumoja: Bahati hapa, jirani yake pale. Wale waliokuja badala yao, baada ya siku kumi, nao wakaanza kusoma. Nilichora yote kwenye karatasi, na mishale, kama mupango wa vita. Mama Aline aliitazama akiwa anachagua sambaza, samaki wadogo walionunuliwa soko la Kituku, kwa ajili ya chakula cha jioni.

"Huyu katikati, mwenye hujamuhamisha, ni nani?"

"Huyo? Huyo ni Kahindo. Hajui kitu."

Akarudi kwenye sambaza zake. "Papa Aline," akasema, "siku moja utaibiwa kiti na weye uko umekaa juu yake."

Kesho yake nilimupeleka Kahindo benchi ya nyuma kabisa, kati ya wale wanne ambao nilikuwa nimewakatia tamaa. Halafu nikasema ninaenda choo, nikazunguka, nikasimama nje kwenye ufa wa dirisha, tumbo ndani, muzee mwenye wajukuu. Kwa dakika mbili hakuna kitu. Halafu Kahindo akachukua ardwazi ya jirani. Chaki ilikuwa mukono wa kushoto; akaihamishia kuume. Na kwa mukono wa kuume akaandika neno zima, herufi zimeunganishwa, zile herufi nzuri za klasi za juu ambazo mimi mwenyewe ninaziandika vibaya. Akaweka kidole chini ya silabi ya kwanza, akasubiri. Mutoto akasoma. Akasogeza kidole. Halafu akafuta kwa kiko cha mukono, akarudisha chaki kushoto, na kwenye ardwazi yake akaandika O iliyolegea.

Miezi mine! Miezi mine mutoto huyu alikuwa ananiandikia O kwa mukono wa kushoto ili nimuone mujinga, na mimi nilikuwa ninamusahihisha.

Wengine walipotoka kucheza nilimubakiza. Nilijaribu kuwa na uso wa ukali, sina.

"Kahindo, ulisoma wapi?"

Akafuta chaki kwenye vidole.

"Sitakupiga. Ninataka tu kujua. Ulikuwa klasi gani?"

Alitazama mulango. Nje, karibu na mulango wangu, wamama walikuwa wanakoroga sufuria ya uji wa sosoma, unga wa mahindi, mutama na soya, ule ambao kituo cha afya kilikuwa kinapikisha shuleni.

"Mwalimu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake nzima, "ukiniondoa huku, sitapata uji."

Hapo inabidi niwaeleze uji. Ulitolewa kwa klasi ya kwanza na ya pili, basi. Kahindo alikunywa nusu ya bakuli, nusu akaimimina ndani ya kopo lenye kifuniko, akapanda nalo mpaka Kanyaruchinya kwa mudogo wake. Alikuwa ameanza klasi ya sita kule Kiwanja, karibu na Rutshuru, vita vilipofika. Alikuwa wa kwanza wa klasi, hilo alilisema akitazama miguu yake. Ana miaka kumi na tatu. Na ile wiki, Direkta wetu alikuwa anafunga liste ya wanafunzi wa klasi ya sita watakaoandika mutihani wa serikali. Ijumaa inafungwa. Jina lisipokuwa humo, ni mwaka mwingine. Na mutoto wa kambi, mwaka mwingine ni muhali kuuahidi.

Nilikwenda kwa Direkta. Alikuwa kijana, mutu wa utaratibu.

"Mwalimu, huyu katoto ka kwako? Inspekta akimuona kwenye liste ya sita, atasema tumeuza nafasi."

"Mupe hesabu."

Mwalimu wa klasi ya sita akamupa hesabu za sehemu na za asilimia. Kahindo alizimaliza zote, halafu akaonyesha kwa heshima kwamba moja imeandikwa vibaya kwenye tablo. Mwalimu wa sita alifuta haraka. Direkta akajikuna.

"Sawa. Niletee karatasi ya muganga yenye umri wake, na muzazi aweke kidole. Mbele ya Ijumaa saa sita."

Ilikuwa Jumatano. Nikapanda Kanyaruchinya kwa moto, pikipiki ya kukodi, mimi ambaye hata soko ninatumaga mutu. Mama Kahindo alinipokea ndani ya hema ya plastiki iliyotandikwa juu ya mawe ya lava, akanipa bidoni, dumu la maji, nikalie. Mutoto wake mudogo, Baraka, alikuwa amekaa pembeni, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi ya majani makavu. Bwaki, ugonjwa wa njaa. Hahitaji muganga mutu wa Kivu kuijua.

Nilimweleza yote: mutihani, liste, Ijumaa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "mutihani hauliwake."

"Mama, mutoto ana akili ya..."

"Ninajua akili yake, nilimuzaa. Nilikuletea mutoto wa klasi ya sita. Nilifungua mudomo nikuambie. Ulifanya nini?"

Nilisogeza bidoni chini yangu.

"Ulicheka. Ukasema wa kufuata. Sikukukasirikia, batu walikuwa bengi. Nikasema kesho nitarudi nimueleze. Jioni akarudi na uji." Akamunyooshea Baraka kidole. "Nikamwambia, Kahindo, funga mudomo. Anakunywa, na huyu anakunywa. Sasa unataka nikuwekee kidole ili huyu akose?"

Kwa miaka yote ya kazi nilikuwa na maneno kwa kila muzazi. Siku ile nilimaliza kwa kusema "Ninaelewa, Mama," na nikashuka. Moto iliharibika njiani, nikatembea. Ilinifaa.

Alhamisi nilimupeleka Kahindo kituo cha afya. Muganga aliyekuwapo ni mwanamuke wa makamo, Mama Odeti, mwenye haraka na vicheko. Alimwambia afungue mudomo, akaingiza kidole, akahesabu magego ya nyuma.

"Magego ya pili yote mane yametoka. Kumi na mbili, kumi na tatu. Mufupi ni ju ya njaa, si ju ya umri." Akaandika karatasi. Halafu akafunga utepe wa rangi, wa kupima kukonda, kwenye mukono wa Kahindo, akauangalia, akaacha kucheka. "Huyu eko klasi gani?"

"Ya kwanza. Tunataka kumupeleka ya sita, lakini kule hakuna uji."

"Nani alisema hakuna?"

"Ni sheria. Uji ni wa klasi ya kwanza na ya pili."

"Sheria ya nani, mwalimu? Sisi tulisema uji ni wa mutoto mwenye utepe unaonyesha njano. Klasi yoyote. Shule yenu njo ilituandikia: hakuna lazima ya kupima wote, tupee klasi ya kwanza na ya pili, itakuwa rahisi."

Nikamuuliza barua hiyo iliandikwa na nani, ingawa nilikuwa nimeshaanza kuona jasho. Akafungua sanduku la karatasi. Akaitoa. Akaigeuza nione.

Ulikuwa mwandiko wangu.

Nikakumbuka mukutano. Direkta aliuliza nani atazunguka klasi zote kumi na mbili, mbili kwa kila mwaka wa masomo, kila mwezi na utepe na mizani. Walimu walitazama dari. Mimi nikasema: wenye njaa ni wadogo, sufuria iko kwenye mulango wangu, tuwape wadogo, tumalize. Wote walisifu akili yangu. Nikaandika barua nikiwa nimekaa.

Mama Odeti aliniangalia. "Weye njo uliandika?"

"Mimi njo."

"Ee, papa," akasema, akafunga sanduku. Angalikuwa amenitukana ningalilala vizuri zaidi.

Kwa hiyo Alhamisi hiyo mchana, na Ijumaa tangu kengele, nilizunguka klasi zote kumi na mbili. Nilipima kila mukono. Watoto wakubwa walicheka: "Mama Klasi ya Kwanza amepotea njia!" Kwenye klasi ya tano na ya sita nilikuta mikono iliyonifanya nisimamishe kuhesabu na kutazama dirishani kidogo. Na klasini kwangu nilikuta Bahati na wenzake kadhaa, wanene vizuri, waliokuwa wanakunywa uji wa bure juu ya maharagi ya mama zao. Niliwatoa kwenye liste. Mama Bahati alinitukana kwenye barabara mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza; alikuwa na kipaji.

Ijumaa saa tano na nusu Kahindo alikuwa amekaa nje ya biro, ofisi ya Direkta, na karatasi ya muganga mukononi. Nilikuwa nimemutuma mutu kambini na habari kwamba uji utamufuata Kahindo popote, na kwamba Baraka apelekwe kwa Mama Odeti, atapimwa na kupewa chake mwenyewe. Sikujua kama mama ataamini. Mimi ningekuwa yeye, nisingeamini neno linalotoka kwangu.

Saa sita kasoro dakika kumi, Direkta akachukua stempo, muhuri wa kufunga liste. "Mwalimu, nimengoja."

"Ngoja hizo kumi."

"Kwa nini kumi?"

"Ju ni zangu."

Mama Kahindo alikuja akiwa na Baraka mugongoni, vumbi mpaka magotini. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria, akamuuliza mama aliyekuwa anakoroga: "Mutoto wangu wa klasi ya sita, jina lake liko?" Yule mama akaangalia liste mupya, akasema liko. "Nisomee." Akamusomea. Ndipo akaingia kwa Direkta, akaweka kidole kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi kwa nguvu kama mutu anayeua mbu.

Kahindo alisoma klasi ya sita miezi iliyobaki, amekaa mbele kwa sababu nyuma haoni juu ya vichwa. Siku ya mutihani, mulinzi wa mulango alimwambia: "Wadogo wanabakia nje." Kahindo akamuonyesha karatasi yake, akasubiri aisome mpaka mwisho, na mulinzi alipofika neno gumu, akamusaidia. Aliingia. Alipita, na kwa alama ambazo mwalimu wa klasi ya sita alizitangaza kama zake.

Sertifika zenyewe, karatasi za kushinda mutihani, zilichelewa zaidi ya mwaka, kama kawaida yetu. Na kabla hazijafika, vita viliingia ndani ya muji, kambi zikavunjwa, watu wakabeba mahema yao na kurudi walikotoka wakikuta wanachokikuta. Kahindo na watu wake walirudi Kiwanja. Mimi nilistaafu katikati ya hayo yote bila sherehe. Siku moja Direkta alinipigia ukuta, ndivyo tunavyoitana. Sertifika zilikuwa zimefika. Na Mama Kahindo alikuwa amepiga simu kwa telefoni ya jirani: sekondari ya kule imemupokea mutoto akae asikilize, lakini jina haliandikwi bila sertifika, na wamemupa mpaka mwisho wa mwezi.

"Nani ataipeleka?" Direkta akauliza. Walimu, nafikiri, walitazama dari.

Mama Aline alinifungia mikate ndani ya mufuko, na ndani ya plastiki mbili sertifika. "Papa Aline," akasema, "Kiwanja ni upande gani, unajua?" Nilikuwa ninajua. Njia inaanza mbele ya mulango wetu. Miaka yote hiyo nilikuwa ninaona magari yanapanda kwenda huko, na sikuwahi kupanda hata moja.

Tulisimamishwa mara nyingi njiani, na kila mara nilibana mufuko chini ya kwapa. Nilifika saa nane mchana, nikaelekezwa kwenye bomba la maji. Pale kulikuwa mustari wa bidoni za njano na wasichana wanasubiri. Nikamukaribia mumoja, murefu, nywele zimesukwa vizuri, bidoni ya lita ishirini mukononi.

"Samahani, binti. Unamujua Kahindo mumoja? Katoto kadogo, kafupi hivi." Nikaonyesha kwa mukono, karibu na mukaba wangu.

Wasichana wote wakaanza kucheka. Yeye hakucheka. Aliweka bidoni chini.

"Mwalimu," akasema, "ni mimi."

Nilitazama shingo, nilitazama mikono. Nilimupa plastiki. Alifungua ya kwanza, akafungua ya pili, akafuta vidole kwenye nguo kabla ya kugusa karatasi. Alisoma jina lake, herufi kwa herufi. Alisoma mwaka wa kuzaliwa, akarudi kuusoma tena. Akaikunja akaiweka ndani ya nguo, kifuani, akapiga hapo kwa kiganja mara moja kuhakikisha. Kisha akanitazama toka juu mpaka chini, na safari haikumuchukua muda.

"Mwalimu," akasema, "kumbe uko mufupi hivi?"